Mtu wa Kubadilishana Naye

Ubishi ulianza mapumziko ya saa nne, chai ikiwa mezani. Mwalimu Azizi, mtu wa Tunduru asiyejua kukaa kimya, aliuliza hivi ukiitoa Dar es Salaam, mji wa pili wa nchi hii ni upi. Basi, kila mtu na lake. Mmoja akasema Dodoma, serikali iko kule. Azizi mwenyewe akashikilia Arusha na watalii wake. Mwingine akataja Mbeya, tukamcheka, maana tunajua ana mchumba kule. Judica alisema Mwanza, neno moja tu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Mimi Notburga, Mngoni mzaliwa wa hapa hapa Songea, niliwaambia waache kusumbuana na sensa na viwanja vya ndege. Ukubwa wa mji waulize walimu. Ingia kwenye lile kundi la WhatsApp la wanaotafuta kuhama. Siku hizi njia ya kuaminika ni kumpata mwalimu mwenzako aliyeko unakotaka kwenda, naye awe anataka kuja ulipo, mkabadilishana vituo. Sasa jionee mwenyewe. Wanaotaka kuingia Dar ni utitiri, wa kutoka hakuna. Inafuata Mwanza: wanaotoka ni wawili watatu, nao wanataka Dar. Na Songea? Wa kutoka wamejaa, wa kuja haonekani. Inaniuma, nisifiche. Mahindi yetu wanakula mpaka huko kwao, mvua hatuombi kwa mtu, lakini mtu akipangiwa huku anaagwa kama anakwenda kuzikwa.

Judica alikuja miaka sita iliyopita na sanduku moja, akapanga chumba nyuma ya kwangu, akapewa darasa la pili na akalipenda. Shida yake ni mama. Mama yake yuko Mwanza peke yake, kisukari kimemla macho, anapapasa ukuta kwenda chooni, na Judica ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kutoka hapa hadi kule ni siku mbili za basi. Kila likizo alikwenda, na kila akirudi amekonda. Tangazo lake aliliweka kwenye kundi kila Jumatatu kwa miaka minne: niko Songea, shule ya msingi, nahitaji Mwanza. Watu walimjibu kwa alama za kicheko.

Mwaka jana, mwezi wa pili, akajibiwa kwa maneno. Mwalimu Brigita, Mngoni mwenzangu, alikuwa anafundisha Mwanza. Baba yake, Mzee Crispin, alikuwa amepigwa na kiharusi huku Bombambili, mtaa wa hapa Songea, upande mmoja haufanyi kazi, na mkewe alishafariki. Brigita alitaka kurudi amtunze. Judica alinigongea mlango, akanionyesha simu. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Wakapatana. Wakati barua zinazunguka, Judica atakuwa anamchungulia mzee huku, na Brigita atamchungulia mama kule. Binadamu ni kusaidiana, kuna ubaya gani? Kila Jumamosi Judica alipanda bodaboda mpaka Bombambili. Alimfulia mzee, akamnyoa ndevu, akajifunza kumpikia likolo, zile mboga za majani tulizokulia sisi, akamnyoosha mkono kama nesi alivyomwelekeza. Akimaliza anampiga picha na kumtumia Brigita. Picha ya kwanza mzee mdomo umepinda. Ile ya mwezi wa tano amekaa kibarazani anacheka. Nilimwambia Judica ana mkono wa heri. Mjinga mimi, sikuona tunakokwenda.

Barua ya Judica ilisainiwa, ikapita. Ya Brigita ikawa leo, kesho, keshokutwa. Mwezi wa nane akatuma ujumbe wa sauti, Judica akaniita tuusikilize wote. Sauti ya upole kabisa.

"Dada yangu, nikuambie ukweli. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya baba tu, na sasa baba ana wewe. Huku watoto wangu wako shule nzuri, hospitali kubwa ipo, duka la mume wangu limechangamka. Nikitoka Mwanza leo, nani atanirudisha? Mungu akubariki. Usimwache mzee wangu."

Nilichemka. Nilimwambia Judica asikanyage tena Bombambili. Wiki mbili tu, mzee akae na nguo chafu, tuone kama huyo binti hatapanda basi mwenyewe. Ndiyo, nilisema hivyo, na mzee ni wa kwetu. Jumamosi ile Judica alibaki nyumbani. Alifua, akafagia uwanja, akafua tena zilizokuwa safi. Ilipofika saa tisa akaingia ndani, akatoka na unga kwenye mfuko, na wembe. Nilisimama mlangoni kumzuia.

"Amenikosea nini yule mzee?" akaniuliza.

Nikampisha, akaenda.

Aliporudi jioni alinieleza kwamba alimkuta kibarazani, shati amelifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, vifungo vimekwenda upogo. Alikuwa amemsubiri tangu asubuhi. Alipomwamkia shikamoo, mzee aliinua ule mkono mzima. Akamshika mkono, akakaa nao muda mrefu. Judica alinisimulia hayo huku anaosha vyombo, na mimi nilijionea aibu.

Tulikuwa bado hapo uani mama yake alipopiga simu. Mikono ya Judica ilikuwa na povu, nikampokelea mimi na kuweka spika. Bibi alikuwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumsikia. Brigita ameshinda kwake mchana kutwa, amemsuka, amempikia samaki na kumchambulia miiba. Judica akaanza kumweleza kwamba uhamisho umekwama, ila asiwe na wasiwasi, Jumatatu ataweka tangazo tena.

"Usihangaike tena na kuhama, mwanangu," mama akamkatiza. "Huyu Brigita ananitosha."

Judica alisuza povu mikononi. Kisha akamwambia mama amsalimie sana Brigita.