Jina la Mume wa Sukhbati

Kijiji chetu kina kaya mia mbili na kumi na nne, na mwalimu Tirath alitumwa na serikali azihesabu zote kabla ya mvua. Alianza kwa Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, karibu na hekalu, akaja kwa wenye mashamba, akapita kwa wakamua mafuta, siku ya nne akafika kwetu wafinyanzi. Watengeneza ngozi wa upande wa kusini huwa wa mwisho, hata katika kuhesabiwa.

Alinikuta nimekaa kwa jirani yangu Sukhbati, tunachambua dengu. Sukhbati aliolewa hapa akiwa na miaka kumi na sita. Mumewe alikwenda mji wa mbali wa Surat kutafuta kazi ya kiwanda cha nguo, miaka ishirini na miwili sasa. Barua zilikuja miaka mitatu, kisha kimya. Gurudumu la mumewe la kufinyangia vyungu limeegemezwa ukutani. Kwa mila yetu mwanamke halizungushi, lakini Sukhbati hulipangusa vumbi kila asubuhi, na mikononi bado ana bangili nyekundu za mwenye mume. Nilimpenda, na kungoja kwake kulinichosha mno.

"Mko wangapi hapa, mama?" mwalimu aliuliza.

"Wawili."

Mwalimu akatazama uani, akaona mbuzi tu. "Wa pili nani?"

"Mwenye nyumba."

"Jina lake?"

Sukhbati akavuta mtandio usoni, akanigeukia. Kwetu mke hatamki jina la mumewe; akilitamka, anampunguzia umri wa kuishi. Miaka yote hiyo, hata kwenye duka la mgawo wa nafaka, mimi ndiye niliyemtajia.

"Phulwa, mwambie."

Sijui shetani gani alinipanda. "Leo simtaji, dada. Mtaje mwenyewe, au mwalimu aandike mjane tupumzike sote."

"Ulimi wako una pilipili."

"Na wako una kufuli."

Alizungusha bangili mkononi. "Asipoandikwa," akasema taratibu, "siku akirudi atakuwa mgeni kwake mwenyewe." Kisha akamgeukia mwalimu. "Bhagirath. Anaitwa Bhagirath."

Sauti ilimtoka nyembamba, ya msichana.

Mwalimu akashika kalamu. "Yuko shambani?"

"Surat."

"Tangu lini?"

Nilijibu mimi, nikitazama dengu. Mwalimu akavua miwani. "Nisamehe, mama. Naandika wanaoishi hapa tu. Asiyekuwepo na lake halipo." Akaandika mtu mmoja, ameolewa, akaenda nyumba ya pili.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokitunza ujana wake wote, na hakupata hata mstari mmoja kwenye karatasi. Sukhbati hakunilaumu. Alimaliza dengu zake, akaingia ndani.

Jioni nilimpelekea chapati za moto ili nimwombe radhi. Nilimkuta amesimama mlangoni, mtandio umeshuka mabegani, akiitazama barabara ya kwenda stesheni.

"Bhagirath," aliita. Akavuta pumzi, akaita tena kwa nguvu zaidi.

"Dada, basi. Utamkatia umri."

"Miaka yote nilikuwa namwita 'sikia wewe'," alisema, bila kugeuka. "Surat kuna watu wangapi, Phulwa? Angejuaje kwamba ni yeye ninayemwita?"