Mkorosho Usiopigwa Salfa

Asubuhi ile sikuweza kukaa. Nilitoka nje ya maabara ya shule tuliyoazima pale Ruangwa, nikarudi, nikachungulia tanuri la umeme, nikatoka tena.

Dada mmoja, mtafiti wa chuo, alikuwa ameniajiri, mimi wa kidato cha nne, nimletee majani ya mkorosho kutoka kwetu Marambo. Aliyachemsha, akayachuja, maji yake akayachanganya na chumvi ya zinki, akakausha. Yaliyobaki yalikuwa tanurini. Yakiungua vizuri hutoa unga mweupe, laini kupita unga wowote, na ukiupaka kwenye kijibamba chenye nyaya, kinanusa gesi. Mimi nilishakiona kwenye ghala la kila mkulima, kikilia korosho zikianza kuoza. Ndoto zangu hazina breki.

Tanuri lilipofunguliwa ikatoka harufu ya kiberiti. Unga ulikuwa wa kijivu.

"Mdogo wangu, mti huu ulipigwa dawa?"

"Salfa? Lazima, dada. Kwetu mkorosho usiopigwa salfa ni wa mtu mvivu."

Akavuta kiti, akakaa. Mama yangu hawezi kumpelekea mgeni majani yenye ubwiri, ule ukungu mweupe unaozuiwa na salfa. Alichuma mwenyewe kwenye mti wake bora, akayapanga kwenye ungo kama zawadi. Mimi nikayasuuza mara moja tu, nikaona yamependeza.

"Chumvi imebaki ya kupika mara moja," dada akasema. "Ikiharibika tena narudi chuoni, na kazi yetu imeishia hapo."

Nikapanda bodaboda hadi Marambo. Nyumbani nilipita mbali, nikaingia shamba la jirani aliyehama, mikorosho yake imesongwa na magugu. Sijajaza hata nusu ya mfuko, nikasikia mama nyuma yangu.

"Unachuma nini humo porini? Watu waseme kwenu hakuna mikorosho?"

Nilitaka kuyalainisha maneno, yakagoma.

"Ya kwako yana salfa, mama. Imeharibu unga wa dada."

Akautazama mfuko wangu. Nilitamani aniseme tu, basi. Kisha akaufunga mtandio kiunoni.

"Kwa hiyo sayansi yenu inapenda wavivu," akasema, akaanza kuchuma, jani moja moja, akigeuza kila moja kutafuta lisilo na doa.

Kesho yake unga ulitoka mweupe. Dada akaupaka, akapasha kijibamba moto, akasogeza pamba yenye spiriti. Namba za mita iliyounganishwa na nyaya zake zikishuka, ndiyo kimenusa. Zilisimama. Miguu yangu ndiyo haikusimama, hadi dada akanishika bega. Ndipo zikaanza kushuka.

Msimu huu mama amepiga salfa shamba zima, isipokuwa mti mmoja kando ya njia, aliofunga kipande cha kanga. Wapita njia wanamtania.

"Mama, salfa imekuishia?"

"Huo uacheni," anawajibu. "Una kazi Ruangwa."