Kibao cha Mpingo Shingoni mwa Fatu

Nakumbuka Jumatano moja, jua la saa kumi bado kali, Fatu alinipigia kelele uwanjani ili kuniokoa, na mimi nikamlipa kwa kumwandika jina. Ndiyo, Fatu huyo huyo bibi yako. Najua hajakusimulia. Yeye Mungu alimjalia kusamehe na kunyamaza. Mimi alinijalia mdomo, na leo nitautumia.

Mwanangu, jana umeniletea madaftari mawili. La kwanza lina insha yako ya shule kuhusu michezo na ushirikiano, ukaniomba niisome kama imekaa sawa. La pili ni lile jembamba ulilopewa kwa kuwa wewe ndiye kapteni wa mpira wa pete, uandike kila mwenzako anayeongea kilugha uwanjani, na Jumatatu ulipeleke ofisini. Hilo hukuniomba nilisome. Nimelisoma. Lina majina matatu tayari.

Insha yako nzuri, mwandiko umenyooka. Umeandika kwamba umoja ni nguvu na kwamba timu ni familia. Hayo hata mimi niliyaandika nilipokuwa na umri wako, nikapata maksi za juu, na wiki ile ile nikamfunga mwenzangu mdomo. Kwa hiyo keti. Chai itapoa, iache ipoe.

Tulikuwa shule ya bweni ya wasichana upande wa Masasi. Mimi nimetoka Mkunya, bibi yako katoka Makote, sote Wamakonde wa huku juu. Pale shuleni Kiingereza kilikuwa mfalme, Kiswahili kikivumiliwa, na kilugha marufuku hadi msalani. Ukikamatwa ukiongea Kimakonde, Kimakua au Kiyao, unavishwa kibao shingoni kwa kamba ya katani. Unatembea nacho, unakula nacho, mpaka na wewe umkamate mwingine akiteleza, umvishe. Atakayekutwa nacho Ijumaa kengele ya jioni ikilia, Jumamosi anabaki kufyeka nyasi wenzake wakienda michezoni.

Umeuona ujanja wake? Askari hakuhitajika. Kila mmoja wetu alikuwa sikio la kumwinda mwenzake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunafundishwa kuwa hicho kikulacho.

Mimi nilikuwa kiranja wa lugha, ndiye niliyeandika majina na kumvisha kibao mtu wa kwanza wa wiki. Nilijiona kweli! Kola imepigwa pasi, kalamu mfukoni. Na kibao chenyewe, mwanangu, mimi ndiye niliyekileta. Kile cha zamani kilikuwa cha boksi, jasho likakichana, mwalimu mkuu akauliza nani anaweza kupata cha mbao. Nikanyoosha mkono upesi, maana baba yangu alikuwa mchongaji. Likizo ilipofika nikamwambia, "Baba, shule wanataka kibao kizuri cha kuning'iniza." Hakuuliza kining'inizwe wapi. Alifurahi mno kusikia shule imetaka kazi ya mkono wake. Akachagua kipande cha mpingo alichokiweka miaka mingi, akakisugua mpaka kikang'aa, na pembezoni akakizungushia chale zile zile walizokuwa nazo mama zake usoni. Mimi nilijua kibao hicho ni cha kazi gani. Sikumwambia.

Sasa hiyo Jumatano. Jumamosi yake tulikuwa tupande lori kwenda kucheza Newala, na huko ndiko walimu wangechagua wachezaji wa timu ya mkoa. Fatu alikuwa mfungaji wetu. Masomo aliyapata kwa kuungaunga, lakini akisimama chini ya pete mpira ulimtii, na duniani hakutaka kitu kama alivyotaka kuchaguliwa. Mimi nilicheza senta. Katika mazoezi nikadaka mpira, nikageuka, sikumwona Zuhura, binti wa Kiyao wa Chiwata, akinijia mgongoni aninyang'anye. Fatu akapiga kelele kwa Kimakonde, maneno machache tu, angalia nyuma yako! Nikakwepa, nikampasia, akafunga. Tukashangilia wote. Kisha nikatoa kalamu.

Akanitazama. "Kweli, Tausi?"

"Sheria ni sheria," nikamjibu. Nilidhani hayo ni maneno ya mtu mzima.

Akakivaa. Kukiondoa isingekuwa kazi, kwa maana bweni zima lilinong'ona kilugha, ilitosha atege sikio mlangoni. Hakutega. Na Alhamisi, tulipoingia uwanjani, palikuwa kimya kama pana msiba. Hakuna aliyeita mpira, hata kwa Kiswahili au Kiingereza, maana mpira ukiwa hewani nani ana muda wa kutafuta neno? Tuligongana. Mpira ukadondoka katikati ya watu watatu, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Nilishtuka kidogo, ila kiburi kikanishika mkono.

Jioni hiyo hiyo baba yangu akatokea. Alikuwa kapanda lori la korosho mpaka Masasi, kaniletea makopa ya muhogo mkavu na karanga. Akatukuta tunatoka uwanjani. Fatu alimfahamu, akapiga goti, "Shikamoo, baba." "Marahaba," akaitikia, kisha akamuuliza kwa Kimakonde habari za Makote, na mama yake anaendeleaje, maana alisikia anaumwa. Fatu kimya. Akauliza tena. Fatu akanitupia jicho mimi, machozi yakimlenga. Wewe umeona wapi mtoto wa Kimakonde anaulizwa hali ya mama yake na mzee, anyamaze?

Ndipo baba akakiona. Akakiinua kwa vidole viwili, akapapasa zile chale.

"Hiki changu," alisema. "Kimefikaje hapa?"

Nikamweleza. Na nilimweleza kwa Kiswahili, baba yangu mzazi, wenzangu wakisikia, ili nisivunje sheria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa Kimakonde, polepole.

"Nimechonga wazee, nimechonga mashetani, nimechonga hata mabwana shamba na kofia zao. Sijawahi kuchonga kitu cha kumziba mtoto mdomo, asiweze kuniambia kama mama yake mzima. Wewe umenichongesha. Kimetoka mkononi mwangu kwa hila yako, basi kukirudisha ni kazi yako. Mimi sikusaidii."

Akaweka mfuko wa makopa chini, akaondoka. Hakuniaga, mwanangu. Nimezika watu wengi tangu siku ile, na bado kuna asubuhi huwa naamka hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa mchana nikawaita wachezaji wenzangu sita nyuma ya jiko. Nikaanza na Fatu, nikamwomba msamaha. Akaniambia msamaha haufyeki nyasi. Nikasema kweli, haufyeki, lakini nina wazo. Nilipolieleza, Zuhura akasema, "Tutafukuzwa sote," huku akicheka. Aliposema hivyo akicheka nikajua tumekubaliana.

Jioni ikafika, shule nzima mstarini, kengele bado dakika chache. Mwalimu mkuu akauliza kibao kipo kwa nani. Fatu akapiga hatua mbele. Na mimi nikatoka kwenye mstari wa viranja, nikamwita Fatu kwa Kimakonde, kwa sauti niliyoitia kifua chote, angalia nyuma yako! Nikakivua shingoni mwake nikajivika mwenyewe. Si sheria? Kabla mwalimu hajafumbua mdomo, Zuhura akanisalimu kwa Kiyao. Nikamvika. Mwingine akadakia kwa Kimakua, akavikwa. Mmoja wetu baba yake alikuwa askari aliyehamishiwa Masasi kutoka Kilimanjaro. Yeye akatoa Kichaga ambacho hakuna aliyekielewa, tukamvika kwa heshima zote. Kibao kikapita shingo saba, kikarudi kwangu, kikaanza mzunguko upya. Kengele ililia kikiwa hewani, kati ya mikono yangu na kichwa cha Zuhura.

"Ni cha nani?" mwalimu mkuu akauliza. Sauti yake ilikuwa chini, na hapo ndipo alipokuwa wa kuogopwa.

"Cha timu, Mwalimu."

"Basi timu nzima itabaki."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Nzima."

Sasa ungependa nikuambie kwamba moyo wake ulilainika, tukaenda Newala tukarudi na kombe. Hapana. Lori liliondoka tukilitazama, tumeshika mafyekeo. Fatu alikuwa na hasira na mimi, na haki alikuwa nayo. "Mngekwenda ninyi," alisema, "nikajua angalau nimebaki mmoja." Timu ya mkoa ikachaguliwa bila yeye, na hakuna aliyekuja kumtazama tena. Kwa kalamu yangu nilimnyang'anya kitu, na Ijumaa ile yote haikukirudisha. Ukisikia majuto ni mjukuu, mimi ndiye niliyemlea huyo mjukuu.

Lakini saa nne hivi, jua likianza kuchoma, Fatu akampigia Zuhura kelele kwa Kimakonde asogeze mguu, atajikata. Zuhura akamjibu kwa Kiyao. Mwingine akadandia. Tulifyeka kutwa nzima tukiitana na kutaniana kwa lugha zote tulizopewa na mama zetu, na hakuna aliyetuandika, kwa sababu aliyekuwa na kalamu sasa alikuwa na fyekeo. Hiyo kelele, mwanangu, ndiyo niliyoiua Jumatano. Niliisikia ikifufuka, nikalia waziwazi, nikaacha waniangalie.

Ukiranja nikavuliwa. Siku niliyoitwa ofisini kurudisha beji, kibao kilikuwa mezani. Nikakiiba. Kuiba ni dhambi, nimekwishazungumza na Mungu juu ya jambo hilo, na mpaka leo hatujaafikiana. Nikampelekea baba hapa hapa Mkunya. Akakitoboa tundu la pili, akakipigilia kwenye mlango wa banda la kuku kiwe komeo. Ndicho kile kile unachokigeuza ukija kwangu jioni. Midomo ya kuku ndiyo pekee ambayo kibao hicho kiliruhusiwa kuifunga.

Sasa zamu yako. Sikukatazi Kiingereza. Kisome, kimeze, mpaka kikuogope wewe. Mwalimu wako pia si adui yako, mpe shikamoo yake kamili. Ila usikubali mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akugeuze mtego wa kumnasia mwenzako. Anayekuita uwanjani kwa lugha inayomjia kwanza anakuita kwa moyo wake wote, na siku utakapomfanya apime neno kabla hajakuonya, utaangushwa, na utakuwa umejiangusha mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole kinachosonta wenzake hakivunji kitu chochote.

Yale majina matatu usiyafute. Kufuta ni uoga. Yaache. Chini yake andika lako. Kisha wapelekee wenzako daftari, kila mmoja aandike lake kwa mkono wake mwenyewe, na Jumatatu ulifikishe ofisini limejaa. Wakikuvua ukapteni, njoo hapa, makopa yapo, na mimi na bibi yako tutakufundisha kushika fyekeo. Wakikuruhusu usafiri na timu pia njoo, utusimulie. Na ile insha yako, pale ulipoandika timu ni familia, paache kwanza mpaka Jumatatu ipite. Ndipo utajua kama ni kweli pabaki, au ni uongo upakate kwa kalamu.

Mungu akupe mwenzio wa kukuita pale macho yako yasipofika, na akupe sikio la kumsikia. Akuepushe na kalamu iandikayo upesi. Miguu yako iwe myepesi, shingo yako isiinamishwe na kitu ulichokileta mwenyewe. Nenda, mwanangu. Na ukipita pale bandani, nifungie kuku.