Ziwa Hurudisha

Papa, baba yangu, alikuwa Muhavu, mtu wa ziwa Kivu, aliyeuza maharage Kisangani. Wakati wa vita, tonton, mdogo wake, alipigwa risasi mtumbwini akivuka mto kwenda Lubunga, akazama. Kila asubuhi Papa alikaa ukingoni akimwita kwa Kihavu, kwa sababu kwao ziwa humrudisha mtu palepale lilipommeza.

Mvuvi mmoja Mugenia, mwenyeji wa maporomoko, akamwonea huruma: "Papa, hapa haiko ziwa. Maji ya hapa inaenda."

"Basi iende!" Papa akafoka. "Mimi nabaki."

Sasa naishi Goma, kando ya Kivu. Watu wanasifu ziwa, eti limetulia. Upuuzi! Mimi sichoti maji kabla ya kuangalia nani amerudi.