Mtutu wa Marehemu Humam

Alisema Jaifar mbele ya wanaume wote wa ukoo, kikombe cha kahawa mkononi: "Bunduki ya kaka imekufa. Na kaiua mwenyewe, hajui kuiangalia."

Masouda hakuwapo, lakini maneno yalimfikia kabla mumewe Humam hajavua viatu mlangoni. Tangu siku hiyo, na ni zamani, Shatha binti yao alikuwa hajaolewa bado, Masouda akawa anamsalimia shemegi yake kama mtu anayeshika chungu cha moto.

Maana huyo Humam, Mungu amrehemu, akimaliza kula tu, yeye na mtutu. Mafuta, kitambaa, anaupangusa, anauchungulia, anaupangusa tena. Watoto wake mwenyewe hakuwahi kuwapangusa makamasi. "Sijui uliniposa mimi au uliiposa hiyo," mkewe akimwambia, na yeye anacheka. Mtu huyo ndiye aambiwe hajui kuangalia bunduki!

Na shahidi nani? Kimashine. Jaifar alikiagiza kwenye simu, cha bei rahisi, kidude kama redio juu ya miguu mitatu, kina macho mawili yanatazama mbinguni. Risasi ikipita juu yake, jicho la kwanza linaona kivuli, la pili linaona kivuli, kisha kinaandika imekwenda mbio kiasi gani, mita ngapi kwa sekunde. Bunduki ikiwa nzima, risasi za boksi moja mbio zake zinakaribiana. Za Humam moja ilitoka mia tano, nyingine mia tisa, nyingine kimashine hakikuona hata kama kuna risasi. "Mtutu umelika," Jaifar akakata hukumu. Humam akarudi nyumbani Darsait, akaifungia bunduki kabatini, hakupiga tena shabaha mpaka anazikwa.

Sasa mwaka huu Safwan, mwanawe, kataka kushindana na bunduki ya baba yake kwenye shabaha za Idi. Jaifar ndiye mkubwa wa timu. Akasema sawa, tupime tena, lakini ikitoka kama mwanzo mtutu utobolewe, itundikwe ukutani iwe pambo. Na Safwan, kichwa maji, akakubali!

Toka hapo chakula kikawa hakimpiti Masouda. Siku ya kupima akasema na yeye anakwenda. Kiwanja kiko nyuma ya Al Khoudh, mlimani, wanaume watupu. Shatha akamchukua kwa gari.

"Mama, kunywa maji japo kidogo."

"Nikinywa n'takojoa. Choo kiko wapi huko?"

Akasokota ncha ya mtandio. Halafu akasema polepole, "Shatha, na kikiwa kinasema kweli? Kimashine hakina ndugu, hakimjui Humam wala Jaifar."

"Mtutu ukilika risasi inapungua mbio, Mama. Haiwi mara imepungua, mara imezidi. Nshamwambia Ammi Jaifar."

"Akakujibu nini?"

"Kanambia nikaangalie mtoto wangu."

Walipofika, Jaifar kashatandika. Hema, busati, tende na kahawa juu ya kitambaa cheupe, na kimashine kakiweka mwenyewe puani kwa bunduki, mbele tu ya mdomo wa mtutu, nusu kivulini, nusu juani, ili akisome palepale alipokaa asinyanyue makalio yake. Vijana waliona hapafai. Lakini kitu kakiweka mkubwa kwa mkono wake, nani akisogeze? 

Safwan akalala kifudifudi, akapiga. Masouda yuko garini, kioo chini.

"Mia sita," Jaifar akasoma. Ya pili: "Mia nane na themanini." Ya tatu hakusoma kitu, akatikisa kichwa tu. "Basi, mwanangu. Umeona mwenyewe. Kesho tunaipeleka kwa fundi aitoboe."

Masouda hakujua kafunguaje mlango. Alijiona yuko nje, wanaume wanainuka.

"Shemegi, rudi garini, jua kali."

"Jua nimelikuta duniani, litabaki. Piga na yako."

"Yangu ya nini tena? Yangu nzima, nani asiyeijua?"

"Basi unaogopa nini? Piga. Risasi za boksi hilohilo, kimashine hapohapo."

Watu wote wanamtazama. Atakataaje? Akapiga. Mia saba. Mia nne na kitu. Ya tatu, hakuna.

Mmoja kapaliwa na kahawa.

"Mtutu umelika," akasema Masouda.

"Hapana, hiki leo kimeharibika."

"Leo?"

Hapo angeweza kwenda zake nyumbani kashinda. Lakini hakuondoka. Kimashine kweli kinasema uongo, sawa, lakini bunduki ya Humam bado hakuna aliyeisafisha jina. Akamgeukia Shatha. "Kina nini?"

"Kiko karibu mno, Mama. Moshi na kishindo cha bunduki vinakichanganya. Na jicho moja limepigwa na jua, jingine liko kivulini. Vile vifuniko vyake vyeupe vya kusawazisha mwanga Ammi kavitupa na boksi."

"Mbona hamkisogezi?"

"Kakiweka Ammi."

Masouda aliolewa Jaifar hajajua kuvaa suruali. Akamwambia Safwan aweke bunduki chini, akakikamata kimashine kwa miguu yake mitatu kama kuku, akakipeleka mbele hukoo, mbali na mtutu. Kisha akarudi, akakivuta kitambaa cheupe, tende zikamwagika kwenye busati. Shatha akaokota fimbo nne, akazichomeka, wakakitandaza kitambaa juu ya kimashine, risasi ipite katikati, macho yote mawili yakapata mwanga mmoja. 

"Haya, Safwan. Na wewe, Jaifar, nenda ukasimame nyuma, kila akipiga ukakisome. Kwa sauti."

Bunduki ikalia. Masouda kafumba macho.

"Mia saba thelathini na nane."

Ikalia tena.

"Mia saba arubaini na moja." Sauti ya Jaifar imeshuka.

"Sisikii!"

Ya tatu, thelathini na saba. Ya nne, arubaini.  Shatha akamshika mama yake mkono.

Jaifar akaja anajifuta jasho kwa ncha ya mussar, kilemba chake, akainamisha kichwa, akanong'ona: "Nisamehe, shemegi. Yameshapita."

"Mimi ulininong'oneza siku ile? Ulisema mbele za watu, na watu ndio hawa. Waambie wao."

Akageuka. Akakohoa. "Bunduki ya kaka nzima. Kaka alikuwa akiiangalia vizuri. Aliyekosea ni mimi."

"Sema tena," akasema Masouda. "Wale waliokaa mwisho hawakusikia."

Jaifar akasema tena.