Eufrazia Chitanda na mdaa wa Mbande

Saa mbili asubuhi, Mbande, pembezoni mwa Wilaya ya Temeke. Eufrazia Chitanda amechutama nyuma ya nyumba yake, anaponda mizizi juu ya jiwe kwa mchi mfupi. Kando yake sufuria kubwa, jeusi ndani na nje, linatokota juu ya mafiga. Kila anapojifuta jasho, anajiachia alama ya kahawia kwenye paji la uso.

Mizizi hiyo ni ya mdaa, kichaka cha asili cha pwani chenye majani magumu na matunda madogo meusi yanayopendwa na ndege. Wengi hupita kando yake wakidhani ni pori tu. Kwa mama huyu mwenye umri wa miaka 56, hicho ndicho kiwanda chake cha rangi.

"Rangi ya dukani ni nzuri siku ya kwanza," anasema huku akimimina unga wa mizizi sufuriani. "Ukianika mkeka mara tano juani, inapauka. Ya mdaa haikimbii. Mkeka unachakaa, rangi ipo."

Akitaka rangi ya kahawia, anachemsha ukindu mara moja. Akitaka nyeusi, anachemsha mara tatu, na katikati anaufukia kwenye tope la bondeni ulale humo hadi kesho yake. Ukishakauka anauchana, anasuka ukili, kisha anashona ukili kwa ukili mpaka mkeka utimie. Msala mmoja, yaani mkeka mdogo wa kuswalia, humchukua wiki mbili. Duka moja la vinyago pale Mwenge humpa shilingi 45,000 kwa msala, na mkeka mkubwa hufika 120,000.

"Hatujatajirika," anasema mumewe, Gregori, mchonga mpingo aliyestaafu baada ya macho kupungua nguvu. "Lakini hatujalala njaa. Na nyumba hii, bati zote za upande ule ni za mikeka."

Eufrazia alizaliwa Masasi. Huko kwao mdaa aliufahamu kama mswaki tu. Bibi yake alikuwa akitafuna kipande cha mzizi kila asubuhi hadi midomo inakuwa na wekundu. Alipokuja Dar es Salaam mwaka 1994 kumfuata mumewe, hakujua hata kushika ukindu.

Aliyemfundisha ni jirani yake, marehemu Bi Sikudhani, Mzaramo aliyezaliwa hapo hapo Mbande. Ndiye aliyempeleka kwenye eneo la wazi karibu na bonde, mwendo wa robo saa kwa miguu, palipokuwa na midaa zaidi ya arobaini.

"Aliniambia, ukichimba mzizi upande wa jua linapochomoza, upande wa pili usiuguse mpaka mwaka mwingine. Na ukimaliza, fukia, usiuache uchi. Nilikuwaga naona ananitania. Lakini miaka ishirini na kitu nimechimba pale, na hakuna mti uliokufa mkononi mwangu."

Kitu kimoja tu hakuwahi kukiuliza: eneo lile ni la nani.

Jibu lilikuja Februari mwaka juzi. Alikuwa amekwenda bondeni na jembe na kiroba kama kawaida yake. Kabla hajafika akasikia muungurumo. Tingatinga lilikuwa limeingia, na nusu ya kichaka ilikuwa imelala chini, mizizi juu.

"Nilikaa palepale kwenye nyasi," anakumbuka. "Sikulia. Nilikuwa nahesabu tu, ule umekwenda, na ule umekwenda."

Dereva wa tingatinga, kijana aitwaye Nurdin, alizima mashine alipomwona. Akashuka, akamwamkia, akamuuliza kama ana mtu aliyezikwa pale.

"Hapana, baba. Ni hii miti."

"Miti gani, mama? Mie naona kichaka."

Akamweleza. Nurdin akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama saa ya simu yake. Akamwambia yeye ametumwa tu, mwenye kiwanja ni mfanyabiashara wa Chang'ombe anayeitwa Abdulhadi, aliyerithi eneo kwa baba yake. Akampa namba.

"Mie naenda kula," akasema. "Nikienda kula huwa nachelewa."

Alichelewa kwa muda wa saa tatu. Katika muda huo Eufrazia aliokota mizizi ya miti iliyong'olewa, akajaza viroba vitatu. Alijaribu pia kuhamisha miche minne midogo. Yote ilikauka ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu mdaa haupendi kusumbuliwa ukishashika ardhi.

Alipompigia Abdulhadi, mazungumzo hayakufika dakika mbili. Tajiri huyo alikuwa mpole, ila hakuona kinachozungumzwa. "Mama yangu, nikuache na kichaka, nijenge wapi?" alimuuliza. Hata hivyo alikubali Nurdin asiendelee mpaka Jumatatu, kwa kuwa mafuta ya mashine nayo yalikuwa yamekwisha.

Jioni ile Gregori alimwona mkewe akirudia rudia maneno atakayomwambia tajiri. Akamkatiza.

"Eufrazia, wewe si mtu wa maneno. Mpelekee msala."

Jumamosi alifika Chang'ombe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akiwa amebeba msala uliokunjwa ndani ya kanga. Abdulhadi alikuwa na wateja. Nyuma ya kaunta, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mama yake, Bibi Khairiya, mwenye umri wa miaka 76 wakati huo. Eufrazia alimwamkia shikamoo, akaambiwa marahaba mwanangu, karibu, umebeba nini.

Akaufungua msala. Bibi Khairiya akauvuta magotini, akapitisha kidole kwenye mstari mweusi, akauinamia akaunusa.

"Hii daa," akasema.

"Ndiyo, mama. Ya mdaa."

"Nani anatia daa siku hizi? Umeipata wapi?"

"Kwenye kiwanja cha mwanao."

Bibi Khairiya alizaliwa Kilwa Kivinje, katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu. Anasimulia kwamba mama yake alikuwa na mkeka wa daa uliotandikwa siku za Idi tu, na kwamba yeye na ndugu zake walichapwa kwa kuurukia na miguu michafu. Walipohamia Dar mkeka ule ulibaki kwa shangazi, na hakuuona tena.

"Nikamwita Abdulhadi," anasema bibi huyo, ambaye siku ya mahojiano haya yupo Mbande, ameketi kibarazani kwa Eufrazia. "Nikamwambia acha saruji hiyo, njoo. Nikamuuliza, hivi unajua unang'oa nini?"

Abdulhadi hakujua, na anakiri hivyo mwenyewe bila kuona haya. "Sie tumekulia dukani," anasema kwa simu. "Mama alivyoniambia ile miti ina maana kwake, ishu ikabadilika. Ila nilikuwa na ramani, na ukuta ulishalipiwa."

Walikwenda kuona eneo pamoja siku iliyofuata, yeye, mama yake na Eufrazia. Midaa kumi na saba ilikuwa imebaki, karibu yote upande wa bondeni. Nurdin, aliyekuwa amefika kuangalia mashine yake, ndiye aliyewaonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitazama. Pale alipokwisha kung'oa, mvua moja tu ilikuwa imemega udongo mpaka karibu na mchoro wa msingi. Pale palipokuwa na midaa, ukingo ulikuwa umekaa sawa.

"Bosi, ukiniambia niendelee naendelea," alimwambia Abdulhadi. "Lakini huo ukuta utaufuata bondeni."

Ukuta ukasogezwa hatua sita ndani. Midaa ikabaki nje yake, na fundi akaambiwa aweke mlango mdogo wa nyuma. Eufrazia ana ufunguo wake. Abdulhadi alitaka kumlipa msala ule, Eufrazia akakataa. Mama mtu ndiye aliyetoa oda: mkeka wa Idi, wenye upana wa vipande vinane vya ukili, mweusi na kahawia. Ulimchukua Eufrazia miezi miwili na nusu, naye anasema hajawahi kushona kitu kwa mkono uliotulia kama ule.

Tangu hapo Bibi Khairiya huja Mbande karibu kila mwezi siku ya kutia rangi. Huleta tende na kahawa, hukosoa moto, humwambia Gregori anachonga vibaya siku hizi. Gregori humjibu kwamba yeye alishastaafu, haoni, na hata hivyo vinyago vyake ni bora kuliko kiti cha plastiki cha dukani kwake.

Kwa midaa kumi na saba, rangi haitoshi kama zamani. Mwaka jana Eufrazia alitengeneza misala kumi na minane tu, wakati awali alikuwa akifikisha thelathini. Kwa hiyo ameanza kuotesha. Chini ya dirisha la jiko yamepangwa makopo ya rangi za ukuta na ndoo zilizotoboka. Alipanda mbegu zaidi ya mia. Imeota miche sitini, na iliyo hai mpaka leo ni ishirini na sita. Mrefu kuliko yote haujafika goti.

"Inakua kwa kiburi," anasema, akichomoa jani lililokauka. "Wiki unauangalia, huoni kitu. Ukiusahau, unatoa majani mawili."

Mvua za masika zikianza, anakusudia kuhamishia pale bondeni, kwenye ukingo uliomegeka, miche kumi na sita. Iliyobaki ameshaigawa kwa akina mama wanne wa mtaa wake wanaojifunza kusuka. Anakisia kwamba mizizi itafaa kuchimbwa baada ya miaka saba.

"Nitakuwa na sitini na mitatu," anasema. Anageuka kibarazani na kushusha sauti kidogo. "Mama pale atakuwa na themanini na mitano. Nilipomtajia akaniambia nisimpigie hesabu, siku ya kuchimba atakuja, nimtafutie kigoda cha kukalia."

Gregori ameshaanza kukichonga, kwa kupapasa.