Kartie Iliyoachwa Wazi

Kila tunapopata mufanyakazi mupya kwenye biro yetu hapa Goma, anafungua programu yetu ya simu, anachunguza kode yake, kisha anageuza kiti na kuniuliza swali lile lile: "Mama, juu ya nini hii kitu iko na lugha mbili? Nusu Java, nusu Kotlin. Tuandike yote upya, si ndiyo?" Namjibu: "Ukigusa ile Java nitakufukuza kwa miguu mpaka Lac Vert." Wanacheka, wanadhani natania. Mimi natania mambo mengi, lakini hilo hapana. Hata juzi, waasi waliposhuka upande wa Rumangabo na watu wa kwetu Rutshuru wakajaa barabarani na magodoro kichwani, ni ile ile Java iliyowapokea, na Kotlin yangu ikiwa pembeni yake. Basi acha nieleze mara moja, nipumzike na maswali.

Programu ile ilikuwa ya muzee mmoja wa Butembo, mwenzangu wa kazi. Muzee namna gani, mvi zenyewe zilikuwa za kuhesabika! Lakini alikuwa na goti bovu, alikunywa chai kwa kupuliza puliza, na aliandika Java polepole akisoma kila mstari kwa sauti ya chini, mpaka nikashindwa kumwita jina lingine. Aliitengenezea paroisse yake, yaani parokia, ili watu wapate matangazo ya misa, ya mazishi, ya chanjo za watoto. Watu wengi wa mji walikuwa wamejiandikisha humo. Mimi niliajiriwa kuongeza sehemu ya sauti, maana wamama wengi hawana hamu ya kuandika, wanapenda kusema. Nilikuwa nimejifunza Kotlin, nimeipenda, na midomo yangu haina mlango. Siku ya kwanza tu nikamwambia: "Muzee, hii tuibomoe, tujenge mupya."

Akapuliza chai yake. "Watu wako ndani, weye unabomoa?"

Kwa hiyo tukabaki hivyo: yeye na Java yake meza ya dirishani, mimi na Kotlin yangu meza ya mlangoni, programu moja kati yetu. Kwa asiyejua kazi hii, lugha hizo mbili zinaweza kukaa nyumba moja bila shida. Moja inaita nyingine, nyingine inaitika. Ugomvi wao ni juu ya kitu kimoja tu: utupu. Java ukiiomba kitu ambacho hakipo, inakupa utupu na kunyamaza. Kotlin haitaki mambo hayo. Inataka useme mapema: kitu hiki kinaweza kukosekana? Kama ndiyo, weka alama ya kuuliza, na uonyeshe utafanya nini kikikosekana. Lakini Kotlin ikipokea kitu kutoka mkononi mwa Java, haina njia ya kujua. Ni kama kupokezwa sahani iliyofunikwa. Unaamini kuna chakula, unakaa mezani, unafunua.

Tuliendelea kugombana kwa raha zetu mpaka mulima wa moto ulipopasuka.

Sitaeleza jioni ile yote, kila mutu wa Goma ana yake. Muzee alikuwa akiishi Buhene, huko juu, pamoja na mujukuu wake wa kike. Mama ya mutoto, yaani binti wa muzee, anafanya biashara Butembo, na alikuwa amemwacha mutoto kwa babu yake asome huku. Mbingu ilipokuwa nyekundu na watu wakaanza kukimbia, goti la muzee likagoma. Akasimamisha motari, mwenye pikipiki, akampandisha mutoto pamoja na mama jirani, akasema: "Tangulieni, mimi nakuja nyuma." Yeye akafuata umati uliokwenda upande wa mpaka, Gisenyi. Motari, kumbe, alifuata umati mwingine. Asubuhi lava ilikuwa imelala juu ya nyumba yake, simu ya jirani haikupatikana, na mutoto hakuwa Gisenyi.

Tuliporudi kazini ardhi bado ilikuwa inatetemeka. Kikombe kinatembea chenyewe mezani, tunabeba mashini zetu, hizi kompyuta, tunatoka mbio, tunangoja uani, tunarudi. Muzee alikuja amevaa shati la kuazima. Kila asubuhi alipita kwanza kwenye makanisa na mashule walikolala watu, akitafuta, halafu ndipo alipokuja kukaa dirishani. Nilimwambia: "Muzee, wacha kazi, endelea kutafuta." Akasema: "Hapa njo natafuta vizuri zaidi."

Alisema kweli. Paroisse ilikuwa imetuomba programu itumike kuandika watoto waliopotezana na watu wao, maana walikuwa wametawanyika: wengine Gisenyi, wengine Sake, wengine njiani. Wamama wa kujitolea wangezunguka na simu zao. Kwa kila mutoto wangeandika jina, umri na kartie, yaani mtaa wa kwao, halafu wangerekodi sauti yake akijieleza. Kuandika na kutafuta kulikuwa kazi ya Java ya muzee. Sauti na ukurasa wa kuonyesha watoto ni Kotlin yangu. Hakuna aliyesema tena habari ya kubomoa.

Nilitaka mutu atafute kwa jina. Muzee akatikisa kichwa. "Weye wa Rutshuru, kwenu kila mutoto anapewa jina lake peke yake. Kwetu Banande jina ni zamu ya kuzaliwa. Tafuta mujukuu wangu kwa jina, utapata mabinti wa kwanza wa Butembo yote." Nikacheka, naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mulima. Kwa hiyo akapanga watoto kwa kartie. Mutu wa Goma ukimwuliza ni nani, atakuambia kwanza anakaa wapi.

Saa sita za mchana simu yake ililia. Ilikuwa binti yake, kutoka Butembo. Nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo, tuko salama... Mutoto? Amelala." Akakata, akarudi kwenye mashini bila kunitazama. Kesho yake saa sita tena: "Amelala, mama. Mutetemeko unamuchokesha." Mimi nilijifanya nasoma kode. Moyo uliniuma kweli kweli, na nilikuwa na hasira vilevile. Sikujua kumkasirikia nani, labda mulima.

Programu ilianza vizuri. Watoto wa Gisenyi waliingia mmoja mmoja. Baba mmoja wa Munigi alimpata kijana wake, tukapiga vigelegele bironi wawili tu. Halafu wamama wa Sake walipoanza kutuma watoto wao, ghafla kila kitu kikaanguka. Unafungua ukurasa wa watoto, programu inajifunga. Simu zikaanza kulia: paroisse, Gisenyi, Sake, kila mutu analia kwamba haoni kitu.

"Ni Java yako!" nikasema.

"Java yangu ilifanya kazi miaka mingi. Kabla ya weye hakuna kitu kilianguka."

"Haikuanguka sababu ilikuwa inanyamazia mambo!"

"Na ya kwako inapiga kelele, inaua watu wote sababu ya mutu mumoja!"

Tulipandishiana sauti mpaka muuza mandazi wa mlangoni akaingiza kichwa kuuliza kama kuna kifo. Halafu ardhi ikatikisika, tukatoka mbio sote watatu, na kule uani, na mashini mikononi, tukaona aibu. Muzee akakaa juu ya jiwe, akafungua yake. Nikakaa pembeni yake na yangu. Tukafuata mstari kwa mstari, yeye akisoma Java yake kwa sauti ya chini, mimi nikijibu na Kotlin, mpaka tukafika mahali alipoomba kartie ya mutoto na kunipokeza. Sahani ilikuwa tupu. Java ilinipa utupu bila neno, Kotlin yangu ikaamini kuna kitu, ikafunua, ikaanguka na ukurasa mzima.

Lakini nani ameacha kartie wazi? Tukapiga simu Sake, kwa mama aliyekuwa anaongoza wale wa kujitolea.

"Ni sisi," akasema. "Batoto ba Buhene, ba Kibati, ukibauliza kartie banaanza kulia. Na wakubwa vilevile. Kartie yenyewe imeungua, utamwandikia mutu mahali hapako tena? Tulionelea ni kama kumuchokora kidonda. Tukapatana tuache wazi."

Niliweka simu chini. Huruma yao ndiyo iliyoangusha kila kitu! Huwezi hata kumgombeza mutu wa namna ile. Ningekuwa Sake, na mimi ningeacha wazi.

"Basi ni rahisi," nikasema. "Tunaikaza. Bila kartie, programu haipokei mutoto. Watalazimika kuandika."

Muzee akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. "Mutoto lava imemufukuza kwao. Anafika kwako, na weye unamufukuza?"

Nilitazama chini, kwenye mawe meusi ya uani.

"Tukiandika 'haijulikani'?" nikauliza baadaye.

"Inajulikana. Ila haisemeki." Akasugua goti lake. "Ile sauti yako. Bale bamama banauliza batoto nini?"

"Jina. Wazazi. Na kwenu ni wapi."

"Sasa mahali kartie iko tupu, acha mutoto aseme mwenyewe."

Mungu wangu, nilitaka kumkumbatia. Tukarudi ndani. Yeye akaongeza neno moja kwenye Java yake, kuitangazia Kotlin kwamba hapa panaweza kuwa wazi, na alilalamika kidogo, kwa vile miaka yote hakuwahi kulazimika kutangaza. Mimi nikaweka alama yangu ya kuuliza: kartie ikiwepo, ionyeshe, isipokuwepo, weka mahali pake kitufe cha kusikiliza. Ilikuwa kazi ndogo. Kode yake iliitika, kode yangu ikapokea, na hakuna iliyoidharau nyingine. Ukurasa ukafunguka. Watoto wote wakaonekana, wenye kartie na wasio nayo.

"Jaribu hivyo vitufe," muzee akasema. Tukaanza kuvisikiliza ili kuhakikisha. Kijana mmoja alisema kwao ni nyuma ya kinu. Mwingine alilia tu, na sauti ya mama wa Sake ikimbembeleza. Wa tatu alikuwa binti. Jina lake lilikuwa lile la zamu, la mabinti wa kwanza wa Butembo yote, na mbele ya muzee sikuthubutu kulisoma kwa sauti. Nikabonyeza.

"Kwenu ni wapi, mama?" yule mama wa Sake aliuliza, kwa upole, vile tunavyowaita watoto wa kike.

"Kwetu ni kule koko iko," sauti ndogo ikajibu. Koko, ndivyo wengi wetu tunavyomwita babu.

"Na koko iko wapi?"

"Iko nyuma. Goti inamuumaka. Anakuya."

Muzee aliweka kiganja chake chote juu ya simu yangu, akakiacha pale. Mimi nililia, sifichi, nililia mpaka kamasi. Nilibonyeza tena, tukasikiliza tena: anakuya. Mutoto alikuwa amekaa kule Sake siku zote hizo bila kumwambia mutu kwamba amepotea. Kwake yeye hakuwa amepotea. Alikuwa anangoja babu mwenye goti bovu afike.

Nilikimbia nje kumwita motari. Niliporudi muzee alikuwa amesimama, amevaa koti, na simu yake ilikuwa inalia mezani. Saa sita za mchana. Aliitazama kidogo, akaichukua.

"Papa," nilisikia binti yake akisema, maana safari hii aliiweka mbali kidogo na sikio, "leo tena utaniambia mutoto amelala?"

"Hapana, mama," muzee akasema. "Leo ameamuka. Niko naenda kumuchukua."